Ni nani aliyeinua macho?

*Kikundi: Watoto wa Bi Mwanakombo 🌴*

ALHAMISI

Mama Swafiya: Asalam aleikum jamaa. Shemeji Salim upo? Nina kesi ya mwanao hapa. Leo karudi na insha ya mtihani wa majaribio, alama 7 kwa 20. Saba! Na mtihani wenyewe wa kidato cha nne, KCSE, ndio huo unabisha hodi.

Shangazi Rukia: Waaleikum salaam wifi. Swafiya huyuhuyu anayetuandikia salamu za Idi ukurasa mzima?

Mama Swafiya: Huyuhuyu. Na hataki kula.

Swafiya: Shikamooni nyote. Jamani si kosa langu. Tuliambiwa darasani tusiandike "mimi" kwenye insha, eti nafsi ya tatu ndiyo salama. Nikaandika nafsi ya tatu. Nikakatwa.

Ami Kassim: Aliyewaambia ni mwalimu au fundi wa feni 😂

Mama Swafiya: Kassim tafadhali.

Ami Salim: Marahaba mwanangu. Ndiyo kwanza natoka msikitini. Nitumie swali, kisha aya yako ya mwisho. Swali kwanza.

Swafiya: 📷 Picha

Ami Salim: Naona kivuli cha kichwa chako tu. Andika.

Swafiya: Swali: Tunga kisa kitakachomalizika kwa maneno haya: "…Nilipoinua macho, nikawaona wote wamesimama wakinitazama."

Swafiya: Na mimi nimemaliza hivi: "Fatma alikimbia bila kutazama nyuma. Mchanga wa ufuo ulimchoma nyayo. Alijikwaa kwenye kamba ya mashua, akaanguka kifudifudi. Nilipoinua macho, nikawaona wote wamesimama wakinitazama."

Swafiya: Mwalimu kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ni nani aliyeinua macho?"

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Nadia: Bibi anauliza, na Fatma je, hakuinuka?

Ami Kassim: 😂😂😂 Fatma bado yuko mchangani

Hamisi (Maskati): Nimecheka peke yangu kwenye basi, watu wananitazama. Nilipoinua macho…

Ami Salim: Swafiya, umeliona kosa?

Swafiya: Nimeliona Ami. Lakini ningefanyaje? Maneno ya mwisho wametoa wao. Siwezi kuyabadilisha.

Ami Salim: Huwezi, na usithubutu. Ndiyo maana unaanza kuyasoma hayo kabla hujamzaa Fatma. Tazama kitenzi cha kwanza walichokupa: Ni-lipoinua. Halafu ni-kawaona. Halafu waki-ni-tazama. Mtunzi kakupigia kengele mara tatu katika sentensi moja. Msimulizi wako ni "mimi". Swali lilikwishakuchagulia nafsi, weye ukachagua nyingine, mwishoni ukatia gundi.

Ami Salim: Na gundi ya namna hiyo mtahini huiona hata akiwa na usingizi.

Mama Swafiya: Kwa hiyo mwalimu wao amekosea?

Ami Salim: Hapo pa kusema nafsi ya tatu ni salama kila mahali, kakosea. Simlaumu sana lakini. Ukiwa na darasa la watoto 60 unatafuta kanuni moja ya kuwafunika wote kama shuka. Kwenye kusahihisha lakini amefanya kazi yake. Swali lile la wino mwekundu ni zuri, mimi ningeliandika hivyohivyo.

Shangazi Rukia: Na kama wamempa maneno ya "ali-"? Maana wangu yuko kidato cha tatu, na nikimuuliza ananiambia "najua mama".

Ami Salim: Hapo ndipo pana utamu. Wakikupa NI-, mlango ni mmoja. Wakikupa A-, milango ni miwili. Sema wamekwambia uanze: "Alifika nyumbani usiku wa manane…" Unaweza kuendelea na yeye tu: "Alifika nyumbani usiku wa manane, akavua viatu mlangoni asije akamwamsha mamake." Hiyo ni nafsi ya tatu. Lakini pia unaweza: "Alifika nyumbani usiku wa manane. Nilimsikia akivua viatu mlangoni, nami nikajifanya nimelala." Kisa sasa ni cha "mimi", na yule aliyefika ni kaka yangu.

Hamisi (Maskati): Hii ya pili nimeipenda zaidi. Hata nataka kujua alikuwa wapi

Ami Kassim: Sote tunajua alikuwa wapi

Swafiya: Ami, na mimi je, siwezi kujitetea? Nikasema Fatma ndiye anayesimulia? Kwamba ile "nilipoinua" ni maneno ya Fatma?

Ami Salim: Unaweza. Fatma yuko hospitalini, nyanyake anamuuliza imekuwaje, Fatma anamsimulia, na maneno ya mwisho ya kisa yanakuwa ndani ya alama za kunukuu. Ni hadithi ndani ya hadithi, halali kabisa. Ila uijenge tangu aya ya kwanza, na ukishafunga alama hizo usiongeze hata neno moja, maana waliagiza kisa kimalizike kwa maneno yao. Weye hukufanya hivyo. Weye ulimwacha Fatma akaanguka, ukainuka weye.

Swafiya: 🙈

Ami Salim: Na saa huna. Karatasi ya insha, 102/1, ni saa 1 na dakika 45, insha mbili, kila moja alama 20, maneno yasipungue 400. Ondoa dakika za kusoma maswali na kupitia kazi, unabaki na dakika 45 hivi kwa kila insha. Kwa muda huo chukua njia fupi. Wamekupa NI-, sema NI- tangu neno la kwanza.

Nadia: Kwani ukiandika mimi si watadhani ni wewe kweli?

Ami Kassim: Heee. Nadia umenikumbusha.

Shangazi Rukia: Usisimulie ile Kassim

Ami Kassim: Nasimulia. Nilikuwa darasa la saba, insha yangu nikaanza: "Baba yangu ni mlevi wa kupindukia." Nikaandika vile anavyovunja vyombo, vile tunavyolala njaa. Nilipata alama nzuri sana. Jumamosi yake mwalimu huyo mlangoni, na kanzu yake na miwani, amekuja kumnasihi mzee.

Hamisi (Maskati): Babu?? Babu muuza kahawa??

Ami Kassim: Babu ambaye hata tumbaku hakuijua. Mwalimu anaingia tu, anamkuta mzee juu ya mkeka na msahafu.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:31)

Nadia: Bibi anasema alimwandikia mwalimu mahamri na mbaazi, mwalimu akala akashindwa kusema kilichomleta. Samahani, ALIMWANDALIA. Simu hii.

Ami Kassim: Alipoondoka ndipo nikala mimi. Sikuandaliwa mbaazi.

Ami Salim: Nadia, jibu lako hilo. "Mimi" wa insha si lazima awe mwenye kalamu. Mtahini haji kupima kama ni kweli, anapima kama kisa kinasimama. Swafiya unaweza kuwa mzee wa miaka 70 mvuvi wa pweza, madhali ukiwa mzee uwe mzee mpaka nukta ya mwisho. Usifike aya ya tatu ukavaa sare za shule.

Mama Swafiya: Shemeji, na zile za methali? Zile ndizo anazozipenda.

Ami Salim: Methali inamwachia uhuru. Wanataka kisa kinachodhihirisha ile methali, pande zake zote mbili. Nafsi achague mwenyewe. Lakini "mimi" ana mipaka yake. Mimi siwezi kujua la moyoni mwa mtu mwingine. Nimesoma insha, mtoto yuko bwenini, anasimulia kwa nafsi ya kwanza, mara: "Wakati huo nyumbani, mama alikuwa akilia kimyakimya jikoni." Umemwonaje? Una macho ya ukutani? Ukitaka kuingia jikoni na bwenini kwa wakati mmoja, tumia msimulizi maizi, yule wa nafsi ya tatu ajuaye yote. Au umfanye mama akusimulie baadaye.

Ami Salim: Kingine. Mimi hafi.

Shangazi Rukia: Hafi vipi?

Ami Salim: Wanakufa mno hawa watoto. "Gari lilinigonga, nikafa papo hapo." Sawa, poleni. Kisha aya inayofuata: "Nilizikwa saa kumi alasiri, watu wengi walihudhuria." Niliwahi kumuuliza mmoja, karatasi hii umeiandikia wapi mwanangu? Kama ni lazima mtu afe, msimulie yeye.

Hamisi (Maskati): "Watu wengi walihudhuria" 😭😭 alihesabu akiwa wapi

Swafiya: Ami, na swali la kwanza? Lile la lazima. Pale mimi sijui kabisa niweke nani.

Ami Salim: Pale utungo wenyewe ndio unaoamua. Tawasifu unajieleza weye, kwa hiyo NI-. Wasifu unamweleza mtu mwingine, A-. Watoto wengi wanazikoroga hizi mbili kwa sababu ya herufi mbili tu, ta. Shajara ni NI-. Hotuba ni NI- na TU- na kuwageukia waliokaa mbele yako, "mabibi na mabwana". Kumbukumbu za mkutano ni nafsi ya tatu, wakati uliopita. Hata kama katibu ni weye mwenyewe, unaandika "Katibu alisoma kumbukumbu za mkutano uliotangulia."

Ami Salim: Si kama katibu mmoja wa chama cha mazishi ninayemjua.

Ami Kassim: Sasa tumefika wapi

Ami Salim: Ninayo hapa. Nanukuu: "Mweka hazina akasema pesa zipo. Nikamwambia aache uongo. Akanyamaza."

Shangazi Rukia: 😂😂😂😂 Kassim!

Ami Kassim: Na pesa zilipatikana. Kwa ajili ya ile "nikamwambia".

Ami Salim: Ilikuwa iwe hivi: "Katibu alitaka ufafanuzi kuhusu salio. Mweka hazina aliahidi kuwasilisha taarifa kamili katika mkutano ujao."

Ami Kassim: Hiyo yako ni ya watu wasiotaka pesa zao.

Mama Swafiya: Jamani mtoto anasoma humu. Swafiya andika, acha kucheka.

Swafiya: Nimeandika mama. Na kwenye fasihi Ami? Mimi huanza "Kwa maoni yangu naona kuwa mhusika huyu…"

Ami Salim: Futa. Karatasi ya tatu hawakuulizi unaonaje. Alama ziko kwenye hoja na mfano kutoka kitabuni. Andika "Mhusika huyu ni katili. Anamfukuza mkewe usiku wa mvua." Basi. Kila "naona" na "nadhani" inakula wino na dakika, na haina alama hata nusu.

Shangazi Rukia: Namtumia wangu mazungumzo haya yote. Aseme tena "najua mama".

IJUMAA

Swafiya: Shikamoo Ami. Nimeandika upya ile aya.

Swafiya: "Nilikimbia bila kutazama nyuma. Mchanga wa ufuo ulinichoma nyayo. Nyuma yangu nilimsikia Fatma akiniita, sauti ikipotelea kwenye upepo. Nilijikwaa kwenye kamba ya mashua, nikaanguka kifudifudi, mdomo ukajaa mchanga. Nilipoinua macho, nikawaona wote wamesimama wakinitazama."

Ami Salim: Marahaba. Sasa aliyeanguka ndiye aliyeinua macho. Na Fatma umembakisha, vizuri, anakuita tu. Ule mchanga wa mdomoni hukuwa nao jana.

Swafiya: Umekuja wenyewe nilipoweka ni-.

Mama Swafiya: Jana usiku amekula. Alhamdulillahi.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:12)

Nadia: Bibi anauliza, na hao "wote" ni kina nani? Watu wa harusi au wavuvi? Na wanamtazamia nini mtoto wa watu?

Ami Kassim: 😂 Mtahini mkuu kaingia

Ami Salim: Swafiya, mjibu Bibi.

Swafiya: …

Swafiya: Narudi kuandika.