Naomba ushauri: straika mmoja anataka kumaliza bajeti yote

Habari zenu wapendwa. Mimi ni meneja wa timu ya mtaa hapa Katuba, Lubumbashi. Komite imeweka kikomo: dola 800 kwa mwezi kwa wachezaji wote, hata franka moja zaidi hairuhusiwi. Tuko na wachezaji 21. Wazoefu watatu wanapata dola 70 kila mmoja, wengine 18 wanapata 30. Jumla 750. Ile 50 inayobaki ndiyo inatibu majeruhi.

Sasa straika wetu, mmoja wa wale watatu, anataka 150, la sivyo anavuka kwenda komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kuchezea wapinzani. Nikimwondoa kipa wa tatu, hesabu inatimia kabisa, lakini akiba inakwisha. Na yule kipa ndiye wa kwanza kufika mazoezini, kwa kweli roho inaniuma.

Nimeomba komite iongeze, wamekataa. Nikapendekeza prime, yaani bonasi, ya kila goli; kapiteni, ambaye ni beki, akaniuliza: "Na sisi tunaozuia?" Sikuwa na jibu.

Najua ligi ya Marekani, MLS, tangu 2007 inaruhusu nyota wachache walipwe kupita kikomo, ndivyo Beckham alivyoingia LA Galaxy. Lakini kule tajiri mwenye timu analipa ziada. Hapa tajiri ni nani?

Wenye uzoefu: nimwache straika aende, au nimtoe kipa? Na prime ipangwe vipi ili mabeki wasinune?