Fundi kaniita mmiliki wa KILO mbele ya baba mkwe, nina hasira wakuu

Wakuu naandika mikono inatetemeka, vumilieni uandishi. Yule fundi umeme wa matrekta mnamjua, sina haja ya kumtaja, kila mwenye jembe la diski kuanzia Urambo mpaka Kaliua kashapita mikononi mwake na hakuna aliyetoka salama. Leo mchana kasimama mbele ya Massey Ferguson 165 aliyoniachia marehemu mzee, mbele ya vibarua, mbele ya BABA MKWE wangu aliyekuja kuulizia zamu yake ya kulimiwa, akalipiga teke tairi la mbele akasema "hili sio trekta, hizi ni kilo." Kilo!! Yaani za kupimwa kwenye mzani wa chuma chakavu. Baba mkwe akainamisha kichwa akaanza kuangalia kandambili zake, vibarua wakacheka mpaka nadhani Sikonge wamesikia.

Ishu yenyewe ilikuwa ukigeuza funguo injini inajivuta robo mzunguko halafu "tak", taa zinafifia, kimya. Na mnajua dizeli haina plagi za cheche, inawaka kwa joto la mgandamizo, stata isipozungusha injini kwa kasi huwashi kitu hata uombewe na mtaa mzima. Basi jamaa kafika hana mita, hana hata balbu ya kupimia, kaja na bisibisi na mdomo. Kashotisha pale juu ya stata, cheche zikaruka mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba, kasema stata imekufa waya wa ndani umeungua leta laki tatu na nusu. Nikamwambia mkuu hii stata imebadilishwa brashi na bushi msimu uliopita tu, pima kwanza, mbona hupimi? Ndo likaja lile teke. Hizi ni kilo. Na akadai hela ya kuangalia, nikampa ili aondoke machoni pangu.

Mtoto wa dada yangu yuko VETA, jioni kaja na mita yake. Betri imetulia inasoma 12.6, safi. Nikapiga stata, kwenye nguzo za betri bado 11 na kitu, kwa hiyo betri haina kosa. Akaweka mkia mmoja wa mita nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye bodi ya stata, akasema piga tena anko. Volti 4! Hapo haitakiwi hata kufika nusu volti, maana yake moto wa umeme unaishia njiani kwenye ethi, ule waya unaounga nguzo hasi ya betri na bodi. Tukaufuata waya wa ethi mpaka unapofungwa kwenye bodi ya trekta, kufungua boliti chini kuna rangi, kutu, na grisi iliyoshikana na vumbi. Tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukasugua pia kichwa cha waya, tukakaza. Nikageuza funguo ikawaka hapohapo, moshi mweusi kidogo ikatulia inanguruma. Msasa wa buku! Na baba mkwe alishaondoka!! Kaondoka na ile picha ya kilo kichwani! Mvua za Novemba hizo zinakuja, atakwenda kulimiwa na mtu mwingine na kijiji kizima kitajua kwa nini.

Asali Mbichi: Hao mbuzi wa jirani wamepatikana lakini?

Gia ya Tatu: Mkuu 165 ni karibu tani mbili, kama ni kilo basi wewe tajiri, tupe namba tuje na mzani 😂😂

Dizeli Kongwe: Pole mkuu, kijana wako ni fundi, mtunze. Wengine mkikutana na Massey hizi kabla hamjaenda kwenye stata angalieni ile gia ndogo ya hai na lo (kasi kubwa na kasi ndogo), isipokaa katikati kwenye S swichi inakata, stata hailii kabisa na fundi anakula hela yako bure. Pia hizo nyaya nyembamba za madukani hazibebi moto wa stata ya dizeli, tafuta waya wa welding mnene. Na hii ya kushotisha kwa bisibisi ACHENI, trekta likiwa kwenye gia linawaka na kuondoka, na wewe umesimama mbele ya tairi kubwa la nyuma, linakupanda.

Mleta uzi: Asante mkuu Dizeli ila umeme nimeshamaliza, mimi naongelea KILO. Kalipiga teke trekta la marehemu mzee wangu wakuu. Teke!

Mwana Uyui: Kwani huyo baba mkwe analimiwa kwa hela au bure? Kama mahari hujamaliza ndo maana aliangalia kandambili.

Mleta uzi: Mahari nilimaliza, tusitoke kwenye mada.

Karanga za Nzega: Hajamaliza huyo.

Boda wa Ipuli: Bora wewe umeitwa kilo. Mimi fundi pikipiki kanirudishia injini na boliti mbili kiganjani, kaniambia "hizi zilikuwa za ziada". Za ziada kivipi na pikipiki ilitoka kiwandani nazo? Sasa hivi inavuja oili kila nikisimama.

Mama Wawili Tbr: Mafundi cherehani mmewasahau. Nilipeleka kitenge doti nzima cha harusi ya mdogo wangu, siku ya harusi asubuhi nimefuata nakuta ndo anakata. Nilienda ukumbini nimevaa dera.

Asali Mbichi: Mama Wawili huyo ni yule wa nyuma ya soko? Mwembamba, anajifanya hakusikii vizuri kwa sababu ya redio ukimuuliza nguo?

Mama Wawili Tbr: Huyohuyo!!! Na wewe?

Karanga za Nzega: Ana suruali zangu mbili za sare ya kwaya tangu Pasaka. Kesho naenda, nani tuongozane?