Msaada wakuu: ADC inarukaruka kila skrini ikijichora. Ni pleni ya 3.3V au ni mimi?

Lehemu_Baridi:
Wakuu heshima kwenu. Nina bodi ya tabaka nne niliyoichora mwenyewe: juu njia za signali, la pili graundi tupu, la tatu pleni ya 3.3V (shaba ya tabaka zima inayosambaza umeme), chini signali tena. Kuna maikrokontrola yenye ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba) ya biti 12, skrini ndogo inayopokea data kwa njia za SPI, na thamista (kihisi cha joto) inayolishwa na 3.3V hiyo hiyo kupitia rizista ya kilo-omu 10.

Skrini ikitulia, usomaji unacheza hatua 2 au 3 tu. Ikianza kujichora, unaruka hadi 20. Nimeongeza kapasita tatu za nanofaradi 100, hola. Nikashusha SPI kutoka 20 MHz hadi 2, vilevile. Mwisho nikaweka kichujio cha rizista na kapasita kwenye mguu wa kusomea. Badala ya kupungua, ikazidi! Hapo ndipo nilipochoka. Kichujio kinaongezaje kelele?

Mzee_wa_Skopu:
Umepima hiyo 3.3V kwa oskiloskopu?

Lehemu_Baridi:
Ndiyo mkuu, naona milivolti 150 kilele kwa kilele.

Mzee_wa_Skopu:
Kwa ule waya mrefu wa graundi wenye kibanio? Huo ni antena. Uchomoe, tumia springi fupi, gusa miguu miwili ya kapasita iliyo jirani kabisa na chipu. Halafu rudi.

Lehemu_Baridi:
Duh. Imebaki 40.

njia_fupi:
Hiyo 40 ndiyo ya kweli. Kushusha SPI hakukusaidia kwa sababu kinacholeta vurugu ni ukali wa kingo (kasi ya signali kupanda na kushuka), siyo idadi yake. Ukingo wa nanosekunde 1 una nguvu hadi karibu 350 MHz, hata ukiupiga mara moja kwa sekunde. Na kapasita zako: nanofaradi 100 ikiwa na nanohenri 1 ya miguu na vitundu vyake (vile vya kuunganisha tabaka), mwisho wake ni kama 16 MHz. Juu ya hapo inageuka koili. Usitegemee pleni zenyewe kuwa kapasita pia. Zikiwa milimita 1 mbali, bodi ya sentimita 10 kwa 10 haifikishi pikofaradi 400.

Swali: njia ya saa ya SPI (signali ya mapigo yake) inashuka tabaka la chini?

Lehemu_Baridi:
Inashuka, inapita chini ya konekta, kisha inapanda tena.

njia_fupi:
Basi mwizi wa kwanza ni huyo. Ikiwa juu, mkondo wake wa kurudi unapita kwenye graundi chini yake. Ikishuka, jirani yake ni pleni ya 3.3V, kwa hiyo mkondo wa kurudi nao lazima uhame pleni. Bila kapasita karibu na kitundu hicho, unasambaa katikati ya pleni mbili na kugonga kila kitundu kingine unachokikuta. Weka rizista ya omu 33 kwenye chanzo cha saa, na toleo lijalo iache juu mwanzo hadi mwisho.

Futi_Kamba:
Sawa, lakini hakuna aliyemjibu swali lake la kichujio, na ndilo tamu.

Mkuu, ADC yako inapima kwa kulinganisha na 3.3V. Hiyo ndiyo futi yako, na inatikisika. Katikati ya kipimo, hatua 20 ni kama milivolti 32 za kuyumba. Linganisha na 40 uliyoiona. Thamista inalishwa na 3.3V hiyo hiyo, kwa hiyo mwanzoni ubao unaopimwa (yaani volti ya thamista) na futi vilikuwa vinatikisika pamoja, na sehemu ya kelele ikafutika. Ulipochuja ubao peke yake, ukautuliza huku futi ikiendelea kucheza. Ndiyo maana ikazidi.

Kata njia inayolisha mguu wa VDDA (umeme wa ADC na futi yake). Pitisha umeme wake kwenye omu 10, kisha kapasita ya maikrofaradi 10 na ya nanofaradi 100 kwenda graundi. Halafu (hapa wengi hukosea) thamista nayo ilishwe kutoka hapo hapo, baada ya omu 10.

bodi_mbili:
Mimi ningekata graundi vipande viwili, analojia na dijitali.

njia_fupi:
Tafadhali usimpoteze. Njia moja ya SPI ikivuka huo mwanya, mkondo wa kurudi unalazimika kuzunguka, na tatizo linakuwa kubwa kuliko la sasa. Kama ni kubadilisha, afanye tabaka la tatu graundi pia, na 3.3V aichore kama njia nene.

Lehemu_Baridi:
Mrejesho. Omu 33 imeshusha 40 hadi 25. Omu 10 na kuhamisha thamista: usomaji unacheza 3, mara chache 4, skrini ikiwa inajichora. Kichujio nimekiacha na sasa kinasaidia. Futi_Kamba, asante sana. Mchoro wa toleo jipya nitauweka hapa kabla sijautuma kiwandani.

njia_fupi:
Uweke. Hiyo saa nikiikuta chini tena tutagombana.