MJADALA: Anayesomea PhD ya fasihi akae darasani mwaka mzima, au apewe msimamizi aanze kuandika?

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, hasa mnaofundisha Kiswahili na fasihi vyuoni na sekondari, naomba hili tulijadili kwa uwazi. PhD ya fasihi hapa nchini ina njia mbili. Ya kwanza ni tasnifu pekee: unapeleka andiko la utafiti unaokusudia, unapewa msimamizi, unaandika, unatetea. Ya pili inaanza na kozi za darasani na mitihani yake, tasnifu inafuata. Kwa mtu aliyeajiriwa Moshi, ya kwanza ndiyo inayovutia, maana hahami nyumbani. Mimi nasema njia hiyo, kama ilivyo sasa, inaua usomi wa fasihi. Mwaka mmoja wa darasani uwe lazima kwa kila mtu, ila lisiwe darasa la kupitisha muda.

Njia zote mbili tumezipokea kutoka nje. Ya tasnifu pekee ni ya Waingereza, na haishangazi tuliizoea: chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Zanzibar, alipata PhD yake huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Kent, mwaka 1982. Ya darasani inajulikana zaidi Marekani: miaka miwili au mitatu ya semina, mtihani mkubwa wa vitabu vilivyopangwa, lugha za kigeni, ndipo tasnifu. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wetu wa riwaya na mashairi ya Kiswahili, alisomea huko Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, akamaliza mwaka 1985. Hawa wawili wanatosha kuonyesha kwamba nchi uliyosomea si hoja. Hoja ni kilichomzunguka mwanafunzi. Anayeandika tasnifu pekee Uingereza ana maktaba iliyojaa, ana semina za idara, ana wenzake wa kubishana nao. Kwetu, tasnifu pekee ni wewe na simu yako, na msimamizi mmoja aliye zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, ambaye naye amelemewa na vipindi vya shahada ya kwanza.

Matokeo yake nayakuta kwenye tasnifu ninazozisoma. Sura ya pili inatangaza nadharia tatu: umuundo, ufeministi na ujumi wa Kiafrika, kila moja na waasisi wake na mihimili yake. Ukifika sura ya nne, panapotakiwa uchambuzi, huoni hata moja. Unasimuliwa riwaya upya, halafu unaambiwa mhusika fulani anawakilisha mwanamke anayekandamizwa. Basi. Hakuna aliyemuuliza mwandishi, tena mbele ya watu, nadharia zile zilikwenda wapi.

Fasihi simulizi ndiyo inayoumia zaidi. Mtu anapanda Kibosho au Rombo, anamrekodi bibi kwa simu, anarudi na kuandika tafsiri ya Kiswahili peke yake. Wimbo kwa Kichaga chenyewe hauko hata kwenye viambatisho. Waitikiaji hawatajwi, wala huambiwi kiitikio kilirudiwa mara ngapi, bibi alicheka wapi, alikataa kuimba ubeti gani kwa sababu kulikuwa na watoto. Halafu wote wanaitwa "Wachaga", wakati Kichaga cha Rombo na cha Machame ni mbali na mbali. Mtafiti huyo si mvivu. Hakufundishwa.

Nawasikiliza.

Wa Njiro, Arusha: Mwalimu, shikamoo. Umesema vizuri, ila mshahara umeuruka. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nina watoto watatu, na bila PhD siwi mhadhiri kamili. Mwajiri wangu anataka niendelee kufundisha mzigo uleule. Ukinilazimisha kukaa Dar mwaka mzima, umeniambia nisisome. Na wanaoumia zaidi ni wanawake, maana mume akienda masomoni familia inabaki na mama. Mama akienda, vikao vinaitishwa. Halafu hao Wamarekani wenyewe wanalalamika. Chama chao cha wasomi wa lugha na fasihi, MLA, kilitoa ripoti mwaka 2014 kikasema muda wa kati wa kumaliza PhD ni kama miaka 9, kikapendekeza ushuke hadi 5. Sisi tunakimbilia kule wenyewe wanakotafuta pa kutokea?

Wa Majengo, Moshi: Mimi hilo darasa nimelikaa. Tulirudia mambo ya uzamili. Mhadhiri anagawa mada siku ya kwanza, wanafunzi tunawasilisha kwa slaidi muhula mzima, mwisho mtihani wa kueleza mihimili ya nadharia. Niliingia na swali langu la utafiti, nikatoka nalo vilevile, nimechelewa mwaka. Kama ndilo hilo unalotaka liwe lazima, nakupinga.

Marahaba, dada wa Njiro. Kuhusu mshahara sina la kubishana nawe. Lazima bila ruhusa ya masomo yenye malipo itakuwa ni kuwafungia mlango watu, na itakuwa dhuluma kwa kina mama kwanza. Kwa hiyo viende pamoja: chuo kinachotaka wahadhiri wenye PhD kiwape nafasi ya kusoma, la sivyo kisidai. Ila kwenye hiyo miaka 9 sikufuati moja kwa moja. Tasnifu pekee nayo inachelewa, tofauti ni kwamba inachelewa kimya kimya, mtu akisubiri sura irudi kutoka kwa msimamizi.

Wa Majengo, umenigusa. Darasa ulilolieleza lifutwe. Ninalolitaka ni la vitu ambavyo mtu hawezi kujifunza peke yake akiwa na kitabu usiku. Chukua lugha. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyetumwa na misheni ya Leipzig, alifika Uchagani mwaka 1902, akakusanya mafundisho ya jando na nyimbo zake kwa miaka mingi. Yalichapishwa Ujerumani kwa juzuu 3 kati ya mwaka 1932 na 1938, maelezo yake yote kwa Kijerumani. Niambieni, anayeandika PhD ya fasihi simulizi ya Wachaga bila kuweza kuzifungua juzuu hizo anaandika nini? Vivyo hivyo kwa anayesoma tenzi za pwani. Miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu iko hata hapohapo maktaba ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtu anaitwa daktari wa ushairi wa Kiswahili bila kuweza kusoma ukurasa mmoja wake. Hilo linaniuma kweli.

Semina iwe ya kusomeana sura: ubao, chai, na kurasa ishirini za mwenzako ulizozisoma tangu juzi. Na kabla ya kwenda uwandani, mtu afundishwe kurekodi, kunukuu neno kwa neno katika lugha yenyewe, na kuomba ridhaa ya mzee bila kumtisha kwa makaratasi.

Inawezekana Afrika Mashariki. Pale Makerere, Mahmood Mamdani alipoongoza taasisi ya utafiti wa jamii, walianzisha mwaka 2012 PhD ya miaka 5, miwili ya mwanzo ikiwa ya darasani, kwa sababu alichoka kuona watafiti wetu wakigeuzwa wakusanya takwimu wa miradi ya watu wengine. Mimi siombi miwili. Naomba mmoja, tena ugawanywe kwenye likizo ndefu, na ufanyikie huku. Chuo cha Makumira kule Arusha kina vyumba, chuo cha Mwenge hapa Moshi kina vyumba, na nauli ya msimamizi mmoja kutoka Dar ni ndogo kuliko kodi za nyumba za wanafunzi kumi kule.

Wakati vyuo vinafikiria, wa Njiro, wa Majengo na wengine: kuna yeyote hapa anayesoma Kijerumani vizuri? Sharika za huku hazikosi watu waliosoma Ujerumani. Tukimpata mmoja, mimi natafuta nakala ya juzuu ya kwanza na chumba mjini Moshi, tusome kurasa chache kila Jumamosi ya pili. Mwenye mtu amtaje aje tuzungumze naye.