Zimebaki siku tisa nirudi Dodoma, nizitumieje hapa Mombasa?

BintiWaZuzu

Wadau wa Mombasa habari zenu. Mimi Mtanzania, kwetu Dodoma, nilikuja huku mwezi wa sita kwa kozi fupi ya mambo ya mizigo ya bandarini, wiki kumi, na sasa zimebaki siku tisa tu nipande basi la Tanga nirudi nyumbani. Jamani sikutegemea ningesikia hivi. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nalia usiku, joto (naambiwa eti huu ndio msimu wa baridi!!), kunguru wanaanza kelele saa kumi na moja alfajiri, halafu Kiswahili chenyewe, mimi nilikuja nikijua hicho ni changu. Nakaa Mji wa Kale kwa mama mmoja, siku ya pili tu akaniita akiwa sebuleni, "ndoo!", nikaenda bafuni nikabeba ndoo nikampelekea, tena nimeijaza maji. Akanitazama, akaitazama ndoo. Kumbe kwao ndoo ndio njoo. Alicheka mpaka akakaa chini na mpaka leo mtaa mzima naitwa Bi Ndoo.

Sasa ndio nimezoea ndio naondoka. Kila kitu najihesabia, hii Ijumaa ya mwisho bado moja, hii sahani ya mbaazi zimebaki kama nane, hata utamu wake siusikii vizuri kwa kuhesabu. Nimeandika listi ya vitu 23 sijafanya, ngome ya Fort Jesus yenyewe sijaingia na naipita kila siku nikienda kutafuta tuktuk. Na ripoti ya kozi haijaisha. Nikimbizane na listi au nitulie? Mliowahi kusoma ugenini siku za mwisho mlifanyaje?

kibokoni_kwetu

Bi Ndoo 😂😂 wallahi nimecheka ndani ya matatu watu wakanigeukia

Fort lazima yakhe. Mreno aliijenga 1593 mpaka 1596, imekaa pale miaka mia nne na ushei yakungoja weye na wapita nje ukitafuta tuktuk. Nenda asubuhi mapema kabla ya wanafunzi wa shule kushushwa na mabasi. Na usipige selfi ya mizinga ukatoka, tafuta ile michoro ya ukutani, wale askari wa Kireno walichora meli, samaki, kanisa. Mimi kila nikiiona nafikiria huyu jamaa alikuwa ugenini amechoka kungoja meli imrudishe kwao. Wewe ni kinyume chake hutaki meli ije lol

Jioni nenda Lighthouse, pale kando ya bahari, mihogo ya kukaanga ipasuliwe itiwe pilipili na ndimu, na dafu. Mambo ya kuogelea punguza, sai ni msimu wa pepo za kusi, bahari imechafuka na mwani umejaa ufuoni, hiyo ifute kwa listi uje tena msimu wa kaskazi.

MamaIliki

Vitu 23 mwanangu? Kwani wafunga safari ama wafanya mtihani?

Sikiza nikwambie upande wa pili maana hamuusikiagi. Mimi nimekaa na wanafunzi wageni nyumbani kwangu mara kadhaa, na wote ni mamoja. Miezi yote mtoto mko naye, ala, acheka, akuuliza hiki chaitwaje. Zikifika siku za mwisho humuoni tena. Atoka asubuhi arudi usiku na mifuko, ameshakula huko nje, "samahani mama nimechoka", alala. Nami hapo nimepika vitu vyake anavyopenda siku tatu mfululizo vimelala na kuchacha. Halafu siku ya kuondoka ndio analia mlangoni amenishika shingo. Sasa kulia kwa nini na nilikuwepo jikoni wiki nzima?

Hiyo mbaazi unayoihesabu, washajua kuipika? Leo usiku mwambie huyo mama utaziloweka wewe. Kesho zichemshwe mpaka ziive kabisa ndio utie kitunguu na pilipili na tui jepesi, tui zito mwisho, na likishaingia usiache kukoroga na moto uwe mdogo, lisikatike. Mahamri ukande jioni, unga, hamira, sukari, iliki iliyotwangwa sasa hivi sio ya pakiti, na tui badala ya maji. Yasipofura usivunjike moyo, ya kwanza hayafuri ya mtu yeyote. Ukifika Dodoma utakuwa na kitu cha kuwapikia watu wako, magneti za friji haziliwi.

shakwe_wa_Kisauni

Naungana na mama hapo juu kwa machungu ya kweli. 2019 nilikuwa Istanbul kozi ya lugha ya kiangazi, miezi miwili. Siku nne za mwisho nilizimaliza Grand Bazaar natafuta zawadi za mashangazi saba, miguu imefura, bei nabishana kwa vidole, wenzangu wa darasani hata sikukaa nao. Siku ya mwisho kabisa pesa zikawa zimeniishia, nikapanda feri kutoka Kadıköy mpaka Eminönü, nikarudi, nikaenda tena, nikarudi tena, sina ninakokwenda. Chai kwenye vile vigilasi vyenye kiuno, simit mkononi, ile mikate ya duara ina ufuta, watu wawarushia shakwe vipande nao wavidaka hewani. Safari nzima ile ndio siku pekee naikumbuka kutoka asubuhi hadi usiku.

Kwa hivyo panda feri ya Likoni siku moja bila shughuli yoyote, kwa miguu ni bure, mara mbili tatu jioni. Sio starehe kama ile, mikokoteni itakusukuma na simu yako ishike, lakini simama ubavuni uangalie meli za mizigo zikiingia bandari ya Kilindini, si ndio kozi yako hiyo.

Zawadi zenyewe sasa, shangazi mmoja aliipokea sahani yangu ya buluu akasema hizi ameziona Marikiti, sokoni hapa hapa Mombasa.

pwani_bila_stres

Maliza ripoti kwanza. Siku mbili, ufunge. Mimi niliburuta yangu mpaka usiku wa kusafiri na sitaki kuongea zaidi.

Haluwa na mabuyu nunua siku ya mwisho, ukinunua leo utamaliza mwenyewe.

BintiWaZuzu

Asanteni sana jamani, MamaIliki umenipiga panapouma. Jana nilirudi saa tatu usiku nikasema hayo hayo maneno, "samahani mama nimechoka", na sufuria ilikuwa juu ya meza imefunikwa. Leo nimerudi saa kumi. Mbaazi nimeziloweka mimi, nimeambiwa nimetia maji mengi. Listi nimeikata zimebaki tatu. Ripoti kesho na keshokutwa, Fort Jumamosi, na tunaenda wote na mama, kumbe naye mara ya mwisho kuingia alikuwa na sare za shule ya msingi, na anaishi dakika nne kutoka pale!

kibokoni_kwetu

Mbebeeni na ndoo, kule ndani jua kali 😂