Mwanafunzi wa shule ya kata na maabara ya utafiti: atengewe nafasi au apambane kama wengine?

Kapuku_PCB
Wakuu salama? Chuoni kwetu kuna mpango wa kuwashika mkono wanafunzi wa digrii ya kwanza waje kuwa watafiti wa tiba, na pendekezo ni nusu ya nafasi ziende kwa waliotoka shule za kata na mikoa ya pembeni. Ukumbi uligawanyika hapo hapo, wengine wanasema upendeleo huo, GPA iamue.

Mi naona wote wanabishania kitu sicho. Nimesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) shule ambayo maabara yake ilikuwa meza mbili na kabati lililopotelewa funguo, hadubini nimeigusa kwa mara ya kwanza chuoni. Mwaka wa pili nikapata fildi, mafunzo kwa vitendo, kwenye maabara moja ya utafiti, wiki 8, posho hamna. Supavaiza mtu poa kabisa na ushauri alinipa, sina ubaya naye, ila daladala mbili kwenda mbili kurudi na bumu, hela ya mkopo wa chuo, limeshakata, ikawa sampuli zinafika saa mbili mi nafika saa nne nikiwa nimetembea nusu ya njia. Kwenye ripoti akaandika "hana ari". Wenzangu wawili walikuwa wanakaa kwa mashangazi zao mitaa ya jirani na pale, leo wote wako masters. Kumbe kinachoamua sio GPA wala kata, ni kama una shangazi.

Mtoza_Ushuru
Pole mkuu, ila utafiti sio TASAF ya kugawia kaya maskini ruzuku. Damu ya mgonjwa haijui umesoma shule ya vipaji Kibaha au shule ya kata, ukichafua PCR, kipimo cha kusaka vinasaba, umechafua, majibu yanatoka ya uongo. Na msiongee kama hatuna watu, majaribio ya chanjo ya malaria pale Bagamoyo yameongozwa na Watanzania, kina Dk Salim Abdulla. Waigeni hao badala ya kuomba kutengewa viti.

Binti_Muheza
Mtoza Ushuru unanichekesha. Kule kwetu Mjerumani alifungua kituo Amani mwaka 1902, kilikuwa cha kilimo na mimea, baadaye kikaja kuwa cha malaria mpaka sasa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wako Muheza. Wazee wetu wamechomwa sindano za vidole hizo miaka nenda rudi. Watoto wa Korogwe na Bagamoyo ndo wamo kwenye majaribio ya RTS,S, chanjo ya malaria ambayo WHO waliipitisha 2021. Yani mkono wa kutolewa damu haukuulizwa GPA, ila mkono wa kushika pipeti ndo unaulizwa 😂 Nataka tu mtoto wa kijiji kile awepo na upande wa pili wa sindano, sijasema afaulishwe bure.

Af kuna la wasichana mnaliruka. Kazi ya mbu ni ya usiku, wengine wanakamata kuanzia saa 12 jioni mpaka alfajiri, sasa niambie baba gani anamruhusu binti kama hakuna usafiri wala pa kulala. Anabaki kuandikiwa "hakushiriki".

MbebaBoksi_Maryland
Nipo huku Marekani, niwape mfano wa jirani. Chuo cha UMBC pale Baltimore waliona vijana weusi wanaingia kusoma sayansi wanaishia njiani, ndo mwaka 1988 Freeman Hrabowski na tajiri mmoja anaitwa Robert Meyerhoff wakaanzisha mpango. Kundi la kwanza vijana 19, wote wanaume weusi, 1990 wakaingiza wasichana, na 1996 wakafungua kwa rangi zote. Kizzmekia Corbett aliyekuwa kwenye timu iliyotengeneza chanjo ya korona ya Moderna kapitia hapo hapo.

Sasa wanavyofanya: ada inalipwa, kabla ya mwaka wa kwanza mnaitwa likizo ya kiangazi mnapigishwa hesabu na kemia pamoja, mnasoma kwa makundi ni lazima sio hiari, na unaingizwa maabara mapema. Mtihani haushushwi hata maksi moja. Kwahiyo Mtoza Ushuru na Binti Muheza mnagombana bure, waliyafanya yote mawili.

Kapuku_PCB
Ndo nachosema. Pesa imeanza, ushauri umefuata. Huku kwetu tunaanza na semina ya motisha, maji ya chupa, picha ya pamoja, kwaheri.

Mtoza_Ushuru
Haya tajiri wa Baltimore tunaye? Ruzuku zetu za miaka mitatu mitatu, mradi ukifungwa hata mhudumu wa maabara anarudi mtaani. Utamlea kijana miaka mitatu, af akimaliza anauza dawa famasi. Hilo nalo mlijibu.

Mzee_wa_Pipeti
Nimewasoma kimya kimya, sasa niseme. Mimi ni mmoja wa hao masupavaiza. Kila mwaka naletewa wanafunzi wa fildi 12 kwa mpigo, nina seti mbili za pipeti na vitendanishi vimenunuliwa kwa dola za mradi, nikimwachia mtu ajifunze akamwaga basi maelezo naandika mimi. Kwahiyo wanasimama nyuma yangu wanaangalia, wiki ya 8 nawasainia. Hiyo tunaiita mafunzo. Kiti cha mwanafunzi hakipo kwenye bajeti yoyote niliyowahi kuiandika, na nimeandika nyingi.

Siku hizi nimebadilisha, nachukua wawili tu nakaa nao mpaka wamalize chuo. Hapo ndo nimeona tofauti, maana mtu anaharibu mwaka wa kwanza, mwaka wa pili anakuonyesha wewe ulipokosea. Sijali kasoma wapi. Famasi nayo sio dhambi, Mtoza Ushuru.

Kapuku_PCB
Mzee shikamoo. Swali moja tu, hao wawili nauli anawalipia nani?

Mzee_wa_Pipeti
Marahaba. Mmoja namtolea mfukoni, elfu tatu kwa siku. Wa pili alikuwa anatokea Chanika, pembeni kabisa ya Dar. Wiki ya tatu akaacha kuja, na mimi sikumpigia simu kumuuliza kwanini.