Kufundisha Kiswahili chuoni Marekani: mtihani wa mwisho umegeuka mnada wa alama

Wakuu salaam. Naandika nimefura, mnivumilie.

Nafundisha Kiswahili mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja huku Marekani. Mitihani ya mwisho wa muhula imekwisha, nimepewa siku tatu kusahihisha na kuingiza alama kwenye mfumo. Kusahihisha hakunishindi. Kinachonimaliza ni barua pepe.

Sisi tuliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunajua UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ni UE. Unaandika namba, jina huandiki. Una sup (mtihani wa marudio), una sup. Ukidisco, yaani ukiondolewa chuo kwa kufeli, unafunga begi unarudi kwenu. Sikuwahi kusikia mtu anamwandikia mhadhiri saa nane usiku kumwambia alama aliyompa imemuumiza moyo.

Sasa sikieni hili. Insha waliiandikia nyumbani (idara ndiyo iliyotaka hivyo, mimi nilikataa). Binti ambaye muhula mzima anasema "kitabu yangu" kaniletea kurasa mbili zimejaa "aghalabu", "licha ya hayo" na "maadamu". Maadamu! Mimi mwenyewe sijaliandika neno hilo tangu kidato cha sita. Ngeli zimenyooka kama rula. Mtihani wa mdomo ulipofika nikampa kadi: umekutana na bibi kizee sokoni Kariakoo, msalimie, kisha uliza bei ya nyanya. Bibi mwenyewe ni mimi, nimejitanda kanga begani. Kaniangalia, katabasamu, kasema: "Mambo vipi, bibi?"

Nyanya hatukuzifikia.

Nikampa B+, na hapo nimefumba jicho moja. Kwetu B+ mtu ananunuliwa soda, maana A yenyewe inaanzia 70. Huku B+ ni msiba. Mwaka 2025 Harvard wenyewe walikiri kuwa zaidi ya asilimia 60 ya alama wanazotoa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ni A. Kama huko juu A zinagawiwa kama pipi, mimi wa Kiswahili nitakaza kwa nguvu gani?

Binti kaenda kwa mkuu wa idara. Mkuu naye hakuniambia nibadilishe alama, hawa watu hawasemi hivyo. Kaniuliza kwa upole kama nimeangalia na juhudi zake. Halafu akanikumbusha, kama mtu anayeongelea hali ya hewa, kwamba darasa lisipofika watu kumi muhula ujao linafutwa. Nimemwelewa vizuri sana. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na viza inaning'inia kwenye huo mkataba. Mtihani nimetunga mimi, nimesimamia mimi, nimesahihisha mimi, na kesi nashtakiwa mimi.

Walimu mlioko ughaibuni, nyie mlikaza au mlitoa? Mfumo unafungwa kesho saa sita mchana.

Na hapa naandika, barua pepe yake nyingine imeingia. Inaanza: "Shikamoo Mwalimu."

Leo ndiyo kaikumbuka.